Kufuli la Kona

9 Januari

Mdogo wangu,

Salamu zangu zipokee ukiwa umekaa kitako, maana nyuma yake yanakuja maneno. Usishangae kuona bahasha zama hizi. Kwenye simu umeshanizoea: nikianza jambo unasema uko kikaoni, utanipigia baadaye, na hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Barua huwezi kuikata katikati. Utaisoma mpaka chini.

Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi lakini mdomo ni mzima, na bado anateremka ngazi mwenyewe kuja kukaa kwenye kochi lake mbele ya karakana, aone nani kapita na kavaa nini. Siku hizi hapiti mtu, kwa hiyo anaangalia barabara tu. Binti yangu kajifungua salama, mtoto wa kike, ana kelele za kukushinda wewe ulivyokuwa. Ujue sasa wewe ni babu, hata ukizipaka piko hizo mvi zako.

Haya, jambo lenyewe. Tangu stendi ihamishiwe kule nje ya mji, mtaa wetu unakufa, na wala haufi kimyakimya, tunasikia kila mlango wa chuma unavyoshushwa kwa mara ya mwisho. Mtengeneza saa kaondoka. Studio ya picha imefungwa. Wiki iliyopita wakaja watu wa manispaa, afisa wao akapanda juu ya stuli ya Mama Chai akatutangazia. Mvua zikiisha watapita kuhesabu milango. Mtaa wenye maduka mengi yaliyo wazi kuliko yaliyofungwa utatengenezewa mtaro, taa na njia ya miguu. Mtaa ambao mengi yamefungwa utavunjwa, pajengwe maegesho ya magari. Nikamuuliza, magari ya nani, na watu wote mmewahamisha? Akacheka, akateremka.

Kuvunjwa maana yake karakana yangu ya makochi, na chumba cha juu anacholala Mama. Nataka ulielewe hilo kabla hujaendelea kusoma.

Basi tukakutana mtaa mzima humu humu karakanani, watu wamekaa juu ya makochi ya wateja mpaka nikaziogopea springi. Hatukuitwa na mtu, tulijiita wenyewe. Tukakubaliana kwamba maduka yaliyofungwa yana wenyewe, na wenyewe wana funguo. Kila mmoja wetu akapewa mwenye duka mmoja, amfuate popote alipo, amwombe ufunguo, duka apewe mtu wa kulifungua. Mimi, bila hata kuulizwa, nikapewa wewe.

Ile kona ya Baba, duka alilokuachia wewe, ndiyo roho ya mtaa. Ina mlango wa barabara kubwa na mlango wa uchochoroni. Tumempata mwokaji mikate anayeitaka, tanuri nyuma, kuuza mbele. Hebu fikiria harufu ya mkate ikitokea pale asubuhi. Baba mwezi wake wa mwisho alikuwa akigongagonga huko ndani peke yake, akisema anarekebisha dari usije ukavujiwa, na tangu tumzike halijaingia hata jua. Ufunguo unao wewe, kufuli limeota kutu. Utume huo ufunguo.

Na jingine. Hujasahau desturi yetu ya ufagio, kwamba hakuna anayefagia mbele ya kwake. Kila mtu anamfagilia jirani wa kushoto, na wa kulia anamfagilia yeye. Kushoto kwangu ni wewe, kushoto kwako ni Mama Chai. Wewe hupo, kwa hiyo nakufagilia wewe, halafu namfagilia Mama Chai kwa niaba yako. Mgongo wangu unakusalimia sana.

Dada yako

21 Februari

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa safarini wiki nyingi, kwenye mji mmoja ambao katikati yake pamekufa kama huko kwetu, nikiendesha warsha za wakazi. Nikwambie ukweli, ni kazi nzuri. Watu wanaingia wamenuna, wanatoka wanapeana mikono. Wifi yako anakusalimia, amehamishiwa ofisi ya karibu na nyumbani. Kijana wetu mdogo meno ya mbele yote yameng'oka, sasa akiongea anapiga mluzi. Hongera kwa kuwa bibi.

Barua yako nimeisoma mara mbili na imenifurahisha. Hicho mnachokifanya ndicho tunachokiita wakazi kuumiliki mchakato. Ila nakushauri, msikimbilie majibu. Kwanza tembeeni mtaa mzima kwa vikundi, mkiuangalia kama wageni. Kisha mchore ramani yenu wenyewe, kila mdau aibue changamoto zake bila kukatizwa. Nimekuwekea kwenye kifurushi vikaratasi vya rangi vyenye gundi. Vya njano viwe matatizo, vya kijani viwe ndoto. Utashangaa watu waliokaa kimya miaka yote wana ndoto kiasi gani.

Humo humo kuna shuka la Mama. Mwambie rangi nilichagua mwenyewe. Mengine tutazungumza nikipata nafasi.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa imenitoka kwa shida. Shuka limefika, Mama kaipenda rangi. Mjukuu wako kaanza kucheka. Salamu zimeisha.

Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma, nikaikung'uta na bahasha, natafuta neno ufunguo. Halimo! Umejaza karatasi nzima, na neno moja nililokuomba hukuliandika. Unanifanya mimi mtoto? Eti vya njano matatizo, vya kijani ndoto. Tatizo letu halina haja ya rangi, tatizo letu ni kufuli lako. Hivyo vikaratasi nabandika kwenye makochi, naandika jina la mwenyewe, mteja asije akaondoka na la mwenzake. Angalau vimepata kazi.

Nikueleze wenzako walivyofanya. Mwenye studio ya picha ni mjane na ni mgonjwa, alifuatwa mpaka kitandani kwa mwanawe. Alitoa ufunguo chini ya mto siku ileile, akasema tu wasitupe pazia lake la kupigia picha. Sasa mle ndani kuna fundi redio na mwenzake wa pasi na feni, na pazia bado linaning'inia. Mtengeneza saa alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akaona haya, akasema na yeye mwenyewe atakuwa anarudi siku za soko. Hao ni watu baki, hawana udugu na mtu. Jioni tunasimama katikati ya barabara tunaangalia upande huu na upande ule, na yaliyo wazi na yaliyofungwa yamelingana. Duka moja ndilo litakaloamua. Unajua ni la nani.

Kwenye mkutano wakaniuliza, "Na wa kwako vipi?" Nikawaambia yuko mbioni. Mama Chai akadakia, "Nani, Bwana Warsha? Huyo atatuletea kalamu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda kukata sponji kwa hasira mpaka nikaliharibu. Unawafundisha watu wa miji mingine kushirikiana, na kwenu umefunga mlango ukaondoka na ufunguo mfukoni. Huoni haya?

Na usinijaribu mwezi huu, nyundo yangu imechomoka kichwa tena. Ni hii niliyofunga mpini wake kwa mpira wa baiskeli. Tangu ile ya sumaku ya Baba ipotee sijapata ya maana, na hapa nina seti nzima ya sofa inanisubiri.

Mama anasema, "Mwambie asinitumie mashuka, anitumie ufunguo." Nimeandika kama alivyotamka.

Dada yako

11 Aprili

Dada, shikamoo.

Nyumbani salama. Mvua zimeanza huku, natumaini huko bati halivuji. Pole na nyundo.

Naomba tuongee kama watu wazima, bila kurushiana maneno. Suala la kona si la kumalizwa kwa barua. Mwokaji ni moto, dada, na ukuta ulio kati yangu na wewe ni plaiwudi. Kesho ukishika moto na makochi ya watu, utamlaumu nani? Isitoshe humjui huyo mtu, mnamjua tu kwamba anataka.

Na sijui kwa nini mmeishikilia hiyo kona kana kwamba ina hazina. Mle ndani hamna kitu. Nilipewa chumba kitupu, nikakiacha kitupu. Nitakuja mwenyewe kazi ikipungua, labda mwisho wa mwaka, tukae na Mama tuamue kwa utulivu. Mpaka hapo naomba mtu asiguse kufuli.

Na umwambie Mama Chai kwamba hizo kalamu anazozicheka zimefufua miji mikubwa kuliko huo. Hisia peke yake hazijengi mji.

Mdogo wako

20 Aprili

Wewe,

Leo hakuna salamu. Mama mzima, mtoto mzima, inatosha.

Jana kaja mwanamume mmoja na tepu ya kupimia. Mvua inamnyeshea, yeye anapima kona yako kutoka nje, kutoka kwenye mlango mpaka kwenye nguzo, anaandika mkononi. Nikamtokea na mkasi wangu wa vitambaa. Nikamuuliza, unapima nini hapa? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hapa ndipo litakapokuwa lango la kuingilia magari. Mwenye upande huu ameshakubali, tunasubiri tu manispaa wahesabu."

Mama alikuwa kwenye kochi lake, kasikia kila neno. Aliomba apelekwe juu, yeye ambaye hataki kushikwa mkono na mtu. Nilimshika mkono kila ngazi, na leo hajateremka.

Kumbe! Kumbe ndio maana ya mwisho wa mwaka! Mwisho wa mwaka sisi tutakuwa vifusi, na wewe utakuja na kofia ya plastiki kichwani, uulize wakazi wanajisikiaje. Na mimi mjinga, asubuhi zote nilizoinama na ufagio mbele ya kwako, nilikuwa nawafagilia watu lango la magari.

Nakuuliza swali moja na nataka neno moja. Umekubali, au hukukubali? Usiniandikie mchakato, usiniandikie wadau. Neno moja.

Mtaa hawajui. Waliniuliza yule mtu ni nani, nikawaambia fundi mabomba. Nimewadanganya watu wazima wenzangu wanaoniamini, kwa sababu niliona aibu kusema nina ndugu wa namna hii. Kuanzia leo mbele ya kwako sifagii. Takataka zikijaa mpaka kwenye kufuli, zijae.

Sina la kuweka hapa chini, unanijua.

6 Mei

Dada,

Ndiyo.

Ulitaka neno moja, hilo hapo. Lakini na mimi nina maneno, na leo utayasoma mpaka chini kama ulivyonisomesha.

Sijapokea kitu na sijaweka sahihi popote. Nilikubali kwa mdomo, kwa sababu sitaki kuiona hiyo kona tena maishani mwangu. Wewe kila barua kona ya Baba, kona ya Baba. Wewe ulipewa Baba mwenyewe! Ulipewa karakana, ulipewa wateja, ulipewa mkono wake juu ya mkono wako anakuonyesha pa kugonga. Mimi nilishika nyundo kwa mkono wa kushoto, akaninyang'anya mbele ya wateja, akasema mkono huo utatoboa vitambaa vya watu, nenda kacheze nje. Wote wakacheka. Nikaenda nje, na nje ndiko niliko mpaka leo.

Halafu alipozeeka akajenga ukuta. Alipigilia yeye, wewe ukamshikia misumari, na mimi nimesimama mlangoni nawaangalia mnavyonitenga. Alipomaliza akaniambia, "Kule ndiko kwako." Yaani kule. Chumba chenye milango miwili, ukiingia huku utokee huku. Nilimwelewa vizuri sana.

Mnaniita Bwana Warsha. Unajua kwa nini kazi hii naiweza? Kwa sababu mtu aliyekaa pembeni ya chumba, ambaye hajaulizwa kitu, mimi namjua nikimwona tu. Naenda kukaa karibu naye, namuuliza. Kwetu sijawahi kuulizwa na mtu nataka nini, mpaka mlipohitaji mlango. Na hata hapo hamkuniuliza, mlidai.

Mwambie Mama kwamba... Basi, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na amerudi kwenye kochi lake, kwa sababu sasa kuna watu wa kuangalia. Anasema bado anasubiri hicho ulichosema utamwambia mwenyewe. Mtoto kaota jino, anauma kila anayemchekea. Wifi msalimie, hana kosa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi. Nilishika misumari, ndiyo. Nilikuwa kibarua wa Baba, ulitaka nishike nini, mwavuli? Na siku ile aliyokunyang'anya nyundo nilikuwepo. Alikosea. Nasema mbele yako leo kwamba alikosea, na waliocheka walikosea. Lakini Mama anayelala juu ya karakana yangu alikucheka lini? Mama Chai, ambaye siku hiyo hata hatukuwa tunamjua, naye je? Umemkasirikia marehemu, ukaenda kuuza vichwa vya walio hai. Hilo leo sikusamehe, na la kesho silijui.

Sasa sikia tulichofanya, usikie kwangu kabla ya yule bwana wa tepu. Niliitisha mkutano nikamwaga yote, na fundi mabomba wangu wa uongo nikamtaja. Walinizomea mpaka nikatamani kutoka. Walipochoka, Mwokaji, ambaye mikutano yote alikuwa anakaa nyuma hasemi, akauliza, "Huo ukuta umepigiliwa kutoka upande gani?" Wote tukageuka kuutazama. Umepigiliwa kutoka kwangu. Vichwa vya misumari vyote viko kwangu.

Kufuli lako hatukuligusa. Ulisema lisiguswe na halijaguswa, liko palepale kwenye mlango wa barabara kubwa. Nilishika koleo nikang'oa misumari ileile niliyoishika, mmoja mmoja, Mama akiipokea kwenye sahani, na mtaa mzima nyuma yangu unatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Ubao ulipoachia tukaingia, tukafungua komeo la uchochoroni kwa ndani. Usije ukasema umeporwa. Duka ni lako, Mwokaji anajua ni lako, na ukija mtakaa naye mpange. Barua uliandikiwa, majibu ulileta, na yalijadiliwa na wote. Kwa lugha ya kazi yako, mdau ulishirikishwa.

Manispaa walipokuja kuhesabu, tanuri lilikuwa na moto. Alikuja afisa yuleyule. Alisimama kona na mkate mkononi akatuhesabu huku anatafuna. Alirudia tena, nadhani alitaka mkate wa pili. Mtaa umebaki. Mtaro unachimbwa, matope mpaka ndani ya vikombe vya Mama Chai, na kila mtu analalamika kwa raha zake. Yule wa tepu hajaonekana tena. Na kati yangu na Mwokaji kuna ukuta wa matofali sasa, tuliujenga wenyewe kabla hajawasha kiberiti. Habari ya moto ulisema kweli, na nimewaambia watu kwamba ulisema wewe. Asubuhi mimi namfagilia Mwokaji, Mwokaji anamfagilia Mama Chai. Mgongo umepona. Hasira bado.

Tena hasira yenyewe imeongezeka, na sasa nakuambia kwa nini.

Uliandika kwamba ulipewa chumba kitupu. Nani alikwambia ni kitupu? Uliingia lini? Siku ya mazishi Baba Mdogo alikukabidhi ufunguo, ukautia mfukoni, ukapanda gari. Hata kuchungulia hukuchungulia. Na sisi huku, kwa heshima ya kufuli lako, hatukuchungulia. Dari ambayo Baba alikuwa akiigonga ule mwezi wa mwisho haikuguswa hata na msumari, ni ileile mbovu. Katikati ya chumba palikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Nikalivuta. Ni benchi la kazi, jipya, la mbao nzuri ambayo mimi aliniambia ni ghali, tusiipoteze.

Nikasimama mbele yake nikanyoosha mkono wa kushoto kuchukua msumari, kama nifanyavyo kila siku ya maisha yangu. Nikashika mpini wa nyundo. Kopo la misumari lilikuwa kulia. Nikatazama vizuri, kila kitu kimegeuzwa, ndoano, droo, hata pembe ya kuegemea imechongwa upande mwingine. Ni benchi la mtu wa kushoto. Na nyundo niliyoishika ni ile ya sumaku.

Nililia, na usijidanganye kwamba nililia kwa huruma. Nililia kwa hasira! Mimi niliyebaki, mimi niliyemwosha na kumlisha, nimegonga miaka yote kwa nyundo inayochomoka kichwa, na ile nzuri kaniambia imepotea, kumbe kamwekea aliyeondoka. Alishindwa kukuomba radhi kwa mdomo, mzee yule na kiburi chake, akakuomba kwa mbao, mlango umefungwa. Na wewe, mwenye kiburi kilekile, ukalifungia kufuli, ukaenda kuwaambia watu wa miji mingine kwamba kwenu hukuulizwa kitu. Uliulizwa, mjinga wewe. Ufunguo ulikuwa nao mfukoni. Nina hasira na nyinyi wawili, na mmoja hawezi tena kunijibu.

Benchi Mwokaji alilitaka la kukandia unga, nikamwambia asirudie. Liko karakanani, kando ya langu, na siliwezi, kila nikitaka msumari nashika nyundo. Mama amelifuta vumbi na hataki mtu aweke kikombe juu yake.

Nyundo nimeitumia, sikufichi. Ile seti ya sofa nimeimalizia kwayo. Inaunyanyua msumari yenyewe, huhitaji hata mtu wa kukushikia. Ni ya kwako, nimewaambia wote ni ya kwako. Njoo uichukue kabla mkono wangu haujaizoea.

Dada yako